Je, ni sauti iliyommaliza Buster Keaton?

*Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza video fupi za vichekesho na kuziweka mtandaoni. Hatuongei kabisa, ni kuanguka, kukimbizana, mambo ya mwili tu. Mwaka huu nimekuwa nikitazama sinema za Buster Keaton kwenye simu na nimemkubali sana. Sasa kuna kampuni inataka kunichukua kwa mshahara wa kila mwezi, ila wanasema lazima nianze kuongea na skripti wataandika wao. Rafiki yangu ananiambia nikubali haraka, maana kichekesho kisicho na maneno hakina maisha, na mfano ni huyohuyo Keaton: sauti ilipoingia kwenye sinema akaisha, akaangukia kwenye pombe, akafa maskini. Ni kweli? Jambo la pili: ule mchezo wa ukuta wa nyumba kumwangukia, akapona kwa kuwa alisimama usawa wa dirisha, tunataka kuurudia. Fundi seremala tunaye. Yeye alifanya bila woga na hakuwahi kutumia mtu wa kuruka badala yake, kwa nini sisi tushindwe?"*

Marahaba, kijana wangu. Umeuliza maswali mawili ila mimi nimesoma matatu. La kwanza ni la historia, kama sauti ndiyo iliyommaliza Keaton, yule mchekeshaji wa sinema bubu za Marekani. La pili ni la ukuta. La tatu hukuliandika, lakini nahisi ndilo linalokunyima usingizi: usaini au usisaini. Nitayajibu yote, na lile la ukuta nitalijibu kwa ukali kidogo. Usinune.

Hadithi aliyokupa rafiki yako ni maarufu, na inapendwa kwa sababu inasimulika kwa pumzi moja. Shida yake ni tarehe. Sinema ya Marekani iliyowafanya watu wapange foleni kusikia waigizaji wakitoa sauti, The Jazz Singer, ilitoka Oktoba 1927. Keaton alisaini na studio kubwa ya MGM mwanzoni mwa 1928. Mwaka huohuo akatoa The Cameraman, sinema bubu, ikapendwa na ikaingiza fedha. Mwaka 1929 akatoa Spite Marriage, nayo bubu. Na hapa rafiki yako atashangaa: Keaton mwenyewe alitaka hiyo ya pili iwe ya kuongea, studio ndiyo iliyokataa. Filamu yake ya kwanza ya mazungumzo ilitoka 1930, naye hakuingia kwa kuburuzwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi: watu waongee pale penye haja ya kuongea, na pasipo na haja waendelee na kazi.

Sauti yenyewe alikuwa nayo, nzito na yenye mkwaruzo. Alizaliwa 1895 huko Piqua, Kansas, wazazi wakiwa safarini na onyesho lao, akapanda jukwaani akiwa mtoto mdogo. Mtu wa namna hiyo haogopi kufungua mdomo mbele ya watu. MGM walimtumia hata kwa matoleo ya nchi za nje: tukio likishapigwa kwa Kiingereza, analirudia kwa Kihispania, Kifaransa au Kijerumani, lugha asizozijua, akitamka tu alichoandikiwa. Kwa hiyo huyu anayesemwa kwamba sauti ilimshinda alikuwa anaongea kwa lugha nne. Na sokoni? Filamu zake za sauti pale MGM ziliuza vizuri, nyingine kuliko zile za kimya ambazo leo tunazifundisha vyuoni. The General, ambayo mwaka 1989 iliingizwa katika kundi la kwanza la filamu za kuhifadhiwa kama hazina ya taifa la Marekani, ilipotoka iligharimu takribani dola 750,000, ikarudisha chini ya nusu milioni nchini humo, na waandishi wengi wa magazeti wakaiponda. Kama ni kuhesabu tiketi tu, basi sauti ilimpandisha.

Lakini ziangalie filamu zenyewe. Tafuta Free and Easy ya 1930 uitazame baada ya The General. Utamwona mtu yuleyule, uso uleule, na hutacheka. Kuna kitu kimeondolewa. Kukieleza lazima nikwambie kwanza jinsi alivyokuwa akifanya kazi kabla ya hapo.

Tangu 1920 Keaton alikuwa na studio ndogo Hollywood, ambayo mwenye fedha wake, Joseph Schenck, aliitwaa kwa ajili yake. Skripti iliyoandikwa haikuwepo. Walikaa chumbani yeye na watunga vichekesho wake, kina Clyde Bruckman, Jean Havez na Joe Mitchell, wakatafuta mwanzo na mwisho. Wakishavipata walianza kupiga picha. Katikati pangejitengeneza penyewe. Wakikwama walitoka nje kucheza besiboli, na katikati ya mchezo mmoja anapiga kelele kwamba amepata wazo, mpira unaachwa pale pale. Fred Gabourie alikuwa fundi wa kujenga chochote, nyumba au mashua. Elgin Lessley alikuwa kwenye kamera, na kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, kwa hiyo mkono wa Lessley ulikuwa sehemu ya kichekesho kama ulivyokuwa mguu wa Keaton.

Kisha lile ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: walijaribisha filamu mbele ya watazamaji wa kawaida kabla ya kuitoa, na kama haikufanya kazi walirudi kupiga upya. Mwaka 1925 walikuwa na Seven Chances, ambamo Keaton anakimbizwa na kundi la wanawake waliovaa mavazi ya harusi. Katika jaribio, mwisho wa mbio ulikuwa umepooza, isipokuwa sehemu moja ndogo. Akiwa anateremka mlima mbio aliteleza, akagusa jiwe, nalo likagonga mengine mawili matatu, yakaanza kumfuata. Haikupangwa. Ukumbi ukacheka pale. Wangekuwa studio ya kawaida wangefurahia kicheko hicho kimoja na kuiachia filamu. Wao walirudi mlimani na lundo la mawe bandia, mengine madogo kama tikiti, mengine makubwa kumzidi yeye, wakatengeneza mbio mpya kabisa za mtu na maporomoko. Ndiyo sehemu inayokumbukwa hadi leo, na chanzo chake ni bahati mbaya ya sekunde chache, mtu mwenye jicho la kuiona, na mamlaka ya kusema kesho tunarudi.

MGM ilikuwa karakana kubwa iliyopangika, na siisemi kwa kejeli, maana ilitoa kazi nzuri nyingi. Ila kila kitu kilipita ofisini. Skripti inaandikwa, inapitishwa, bajeti inakatwa kurasa kwa kurasa, prodyuza anasimamia, mwigizaji anafika kusema yaliyoandikwa. Katika The Cameraman bado aliweza kubishana na kupata nafasi, ndiyo maana ni nzuri. Baada ya hapo wale wenzake wakatawanywa mmoja mmoja. Na wale waliomwandikia hawakumwelewa mtu aliyekuwa akimcheza. Keaton wa filamu zake mwenyewe si mjinga. Anakutana na treni, na meli tupu, na kimbunga, hajui lolote, lakini anasoma kile chombo, anajaribu, anaelewa, mwishoni anakiendesha kuliko mwenyewe. Kicheko kinatoka kwenye akili yake inavyofanya kazi. MGM walimwona ana uso wa huzuni, wakamfanya zuzu wa kuonewa huruma, anayejikwaa kwenye maneno na kunyang'anywa msichana. Free and Easy inaishia kwa kumpaka rangi za mchekeshaji wa sarakasi huku moyo umevunjika. Sauti haikuwalazimisha kufanya hivyo. Wangeweza kufanya hivyohivyo kwa filamu bubu.

Kwa nini basi alikwenda huko? Wachekeshaji wenzake, Charlie Chaplin na Harold Lloyd, walimwonya wote wawili, na uzeeni aliandika kwamba ule ndio uamuzi mbaya kuliko yote maishani mwake. Jibu liko kwenye mikaratasi. Ile kampuni iliyokuwa na jina lake, Buster Keaton Productions, haikuwa yake. Wenye hisa walikuwa Schenck na wenzake. Keaton alilipwa mshahara wa wiki na fungu la faida. Kwa miaka minane hakuona tatizo, kwa sababu Schenck alimwachia afanye anavyotaka, na walikuwa mashemeji: Schenck alimwoa mwigizaji Norma Talmadge, Keaton akamwoa mdogo wake Norma, Natalie. Kisha Schenck akapata kazi kubwa zaidi kwenye kampuni ya sinema ya United Artists, akaamua kufunga ile studio ndogo na kumpeleka Keaton kwa MGM, ambayo kampuni mama yake iliongozwa na mdogo wake Schenck, Nicholas. Keaton hakuwa na karatasi yoyote ya kumzuia. Uhuru wote ule ulikuwa hisani ya bosi. Haukuwa haki iliyoandikwa popote. Ukinisikia jambo moja katika barua yote hii, nisikie hilo.

Sasa nisije nikakupa hadithi nyingine ya pumzi moja badala ya ile ya rafiki yako. Pombe ilikuwepo, na haikuletwa na MGM peke yake. Baba yake alikuwa mlevi. Ndiyo sababu onyesho la familia lilivunjika 1917. Ndoa na Natalie ilikuwa inakufa, wakaachana 1932, mke akaondoka na nyumba na watoto wawili wa kiume ambao walibadilishwa hata jina la ukoo wakaitwa Talmadge. Keaton alikuwa anachelewa kazini, siku nyingine haonekani. MGM walipomfukuza Februari 1933 walikuwa na sababu ambazo mwajiri yeyote angezielewa. Na sauti nayo ilikuwa na gharama yake: mwanzoni maikrofoni zilimfunga mwigizaji mahali pamoja, kamera ikafungiwa ndani ya kibanda ili mlio wake usisikike, na mbio za wazi za kilomita nzima zikawa shida kurekodi. Ladha ya watu nayo ikageuka. Harold Lloyd alizimiliki filamu zake, hakuwa mlevi, hakuwa na bosi, na bado miaka ya 1930 haikumpenda kama ile ya 1920. Tofauti ni kwamba Lloyd aliporomoka akiwa tajiri, na sinema zake kabatini kwake. Chaplin alikuwa na studio yake na sehemu ya kampuni ya kusambaza, kwa hiyo aliweza kukaa bila kuongea kwenye sinema hadi The Great Dictator ya 1940, na hakuna aliyeweza kumwamuru. Harry Langdon, mchekeshaji mwingine mkubwa wa wakati ule, alikuwa tayari ameanguka kabla sauti haijatapakaa.

Kwa hiyo ukiniuliza kama angebaki huru angeshinda, sitakuapia. Ninachokuambia ni kwamba alinyimwa nafasi ya kujaribu.

Na hilo la kufa maskini lifute kabisa. Alipitia miaka mibaya, hilo ni kweli: hospitali za walevi, ndoa ya pili iliyovunjika, filamu fupi za bei rahisi, kisha akarudi MGM ileile kama mtunga vichekesho wa dola 100 kwa wiki, akiwasaidia wengine, mtu aliyewahi kulipwa 3,000 palepale. Lakini 1940 alimwoa Eleanor Norris, mcheza dansi, wakakaa pamoja hadi mwisho. Mwaka 1947 alipanda kwenye sarakasi ya Medrano, Paris, akashangiliwa. Televisheni ilipoanza ikampa kazi tele, matangazo ya biashara nayo. Walipotengeneza filamu ya maisha yake, iliyotoka 1957 (mbaya, usipoteze bando), fedha zake alinunulia nyumba Woodland Hills, pembezoni mwa jiji la Los Angeles. Mwaka 1960 alikabidhiwa Oscar ya heshima. Septemba 1965 ukumbi mzima wa tamasha la Venice ulisimama kumpigia makofi. Alifariki Februari 1, 1966 kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 70, na filamu moja aliyocheza ilitoka akiwa ameshazikwa. Hayo si maisha ya mtu aliyeishia mtaroni.

Haya, ukuta.

Unasema alifanya bila woga na hakuwahi kutumia mtu badala yake. La pili si kweli. Katika College, 1927, kuna tukio la kuruka kwa upondo kuingia dirisha la ghorofani. Aliyeruka ni Lee Barnes, bingwa wa Olimpiki wa mchezo huo mwaka 1924. Keaton alijua mwili wake unaweza nini na hauwezi nini, akamwita mwenye kazi yake. Mara nyingine ilikuwa kinyume, yeye ndiye aliyeanguka kwa niaba ya wengine: katika Sherlock Jr. mtu anayedondoka kutoka nyuma ya pikipiki si mwigizaji uliyemwona akipanda, ni Keaton amevaa nguo zake.

Woga nao sijui kama ndiyo neno. Tangu utotoni baba yake alikuwa akimtupa jukwaani, kwenye mandhari, hata kwa watazamaji, akiwa na mpini wa sanduku la safari umeshonewa mgongoni mwa nguo ili ashikike vizuri. Jamii ya kulinda watoto ya New York iliwasumbua miaka na miaka, na mimi nawaunga mkono. Alipoingia sinema 1917 akiwa na miaka 21 alikuwa tayari ameanguka mara nyingi kuliko sarakasi nzima. Na bado aliumia. Alivunjika kifundo cha mguu akiwa anatengeneza filamu fupi kwenye ngazi ya umeme. Katika Sherlock Jr. anashika bomba la tangi la maji ya treni, maji yakashuka kwa nguvu kuliko ilivyotarajiwa, yakambwaga, shingo ikagonga reli. Aliumwa kichwa siku kadhaa, akaendelea na kazi. Miaka mingi baadaye daktari akimpiga eksirei ya mambo mengine akaona mfupa wa shingo uliowahi kuvunjika na kujiunga wenyewe. Tukio limo kwenye filamu. Unaweza kuliona usiku wa leo, anasimama na kukimbia.

Sasa sikiliza ule ukuta ulivyotengenezwa, kama alivyoueleza mwenyewe. Ni Steamboat Bill, Jr., ulipigwa 1927 kando ya mto Sacramento, California. Kwanza walijenga fremu tupu ya uso wa nyumba na kuifunga kwa bawaba imara chini. Nyumba ilichaguliwa yenye paa la kuchongoka ili dirisha liwe juu kabisa, kama mita tano na nusu. Fremu ikalazwa chini, Keaton akasimama mahali pake, na dirisha likajengwa kumzunguka yeye: sentimita tano kila bega, sentimita tano juu ya kichwa, sentimita tano nyuma ya visigino. Misumari mikubwa ikapigiliwa ardhini palipokuwa na visigino. Ndipo fremu ikainuliwa, ikawekewa mbao na kupakwa rangi. Uzito wake ulihesabiwa kwa tani, na watu wengi hudhani ilikuwa kujionyesha. Sivyo. Tukio ni la kimbunga, na walikuwa na mashine sita za upepo zenye injini za ndege. Ukuta mwepesi ungepinda hewani, na ukipinda hauangukii pale ulipopimwa. Uzito ndio uliounyoosha. Na bado walihakikisha upepo unavuma mbele na nyuma ya picha lakini haugusi ule uso wa nyumba wakati unashuka. Wakapiga mara moja tu.

Tena haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1919, akiwa na mchekeshaji Roscoe Arbuckle, walifanya hivyo kwa ukuta wa mandhari ya jukwaani, ila aliyeangukiwa ni Arbuckle. Mwaka 1920 akafanya kwa upande wa nyumba katika One Week. Huu wa tani ulikuwa wa tatu, baada ya miaka minane, akiwa na fundi anayemjua kama ndugu. Na wapo kwenye kikosi walioshindwa kutazama.

Wewe una fundi seremala mmoja, simu, na uwanja wa nyuma ya nyumba. Kijana wangu, usifanye. Sisemi fundi wako hajui kazi. Anajua kujenga ukuta usimame, nawe unamwomba ajenge ukuta uanguke kwa kipimo cha vidole vitatu, kitu ambacho hajawahi kufanya na hana nafasi ya kukosea. Mkitumia mbao nyepesi kwa usalama, upepo wa kawaida wa mchana utaupindisha. Mkitumia nzito, mmepata jeneza.

Kuna njia nyingine, na Keaton mwenyewe angeicheka kwa furaha, kwa sababu nusu ya hatari zake ilikuwa vipimo tu. Yale maporomoko ya maji ya Our Hospitality yalijengwa studio. Katika The Playhouse ya 1921 anaonekana yeye mara tisa jukwaani kwa wakati mmoja: Lessley alifunika lenzi ikabaki upenyo mmoja tu, akapiga, akarudisha filamu nyuma, akafungua upenyo mwingine, akapiga tena, mara tisa, mkono ukizungusha kwa mwendo uleule. Simu yako inafanya kazi ya namna hiyo kwa dakika tano. Ifungeni kwenye stendi isitikisike hata chembe. Pigeni ukuta ukianguka na hakuna mtu uwanjani, vumbi litulie, kisha wewe uingie usimame ndani ya dirisha lililolala. Mkiunganisha vipande viwili kwenye programu ya kuhariri, umesimama umeponea. Piga mapema asubuhi au siku ya mawingu, vivuli visije vikawaumbua.

Jambo dogo la pembeni: usishindane na kasi unayoiona kwenye simu. Kamera za mkono zilichukua picha chache kwa sekunde kuliko leo, na nakala nyingi za mtandaoni zimeendeshwa kwa kasi ya kisasa bila kusahihishwa, hivyo kila mtu anakimbia kama amechomwa. Alikuwa mwepesi kweli, lakini si hivyo.

Kuanguka kwenyewe, kule kwa kawaida mnakofanya kila wiki, kunafundishika, na hakufundishiki kwa barua. Tafuteni mwalimu wa sarakasi au judo aliye karibu nanyi, au mtu aliyepitia chuo cha sanaa cha Bagamoyo, awaone mkianguka kwa macho yake. Na mmoja wenu akigonga kichwa au shingo, akasikia ganzi mkononi, mkono ukawa dhaifu, akatapika, akachanganyikiwa, au maumivu ya kichwa yakagoma kuondoka, hakuna kumalizia tukio. Kama ni shingo, asiinuliwe wala kugeuzwa, mtulizeni hapohapo mpaka msaada ufike, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Keaton aliponea kwa bahati.

Turudi kwenye mkataba. Mshahara wa mwezi si dhambi. Keaton alifanya kazi zake bora zote akiwa mtu wa mshahara. Kuongea nako si dhambi. Ninachotaka ujue kabla ya kalamu kugusa karatasi ni nani atamiliki video, zikiwemo zile mlizokwisha kuzitengeneza na wahusika mliowabuni. Nani ana neno la mwisho kichekesho kikiwa hakichekeshi. Kama unaweza kurudi kupiga upya. Kama umezuiwa kufanya kazi zako binafsi na kwa miaka mingapi. Na yule bosi anayekupenda leo akihamia kazi nyingine, kipi kinabaki kimeandikwa. Keaton hakuwa na haki juu ya filamu zake mwenyewe kwa miongo kadhaa, na nakala kadhaa zilizonusurika zilikutwa kwenye nyumba yake ya zamani ya Beverly Hills wakati imeshakuwa ya mwigizaji mwingine, James Mason.

Na wenzako wawili? Umeandika kampuni inataka kukuchukua wewe. Nimesoma barua yako mara mbili nikiwatafuta wao, sijawaona. Kama vichekesho vyenu huzaliwa mkiwa watatu, kampuni inanunua theluthi ya kile inachodhani inanunua, na wewe utakuwa peke yako chumbani na skripti ya mtu mwingine. Waombe majaribio kwanza: video nne au tano, ninyi watatu, mkiwa na haki ya kukataa. Wakikubali, mna mahali pa kuanzia. Wakikataa hata hilo, wamekujibu.

Usiniletee mimi nikukagulie mkataba wako, mimi ni mtu wa sinema. Mpelekee wakili anayeshughulika na hakimiliki, umlipe saa moja ya kuusoma mstari kwa mstari, na kabla ya hapo nendeni watatu COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkaulize namna ya kusajili kazi zenu kwa majina yenu yote. Wakikuharakisha usaini wiki hii, waambie wakili yuko safarini.